Saini Yangu, Dawa ya Bibi

Nilipomaliza mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani Buhigwe nikiwa na cheo kipya. Kwetu, upande wa Munanila, ukishaingia chuo kikuu wewe ndiye msomi wa ukoo, hata kama umeondoka chuoni na sapu mbili. Nikapewa kazi za msomi: kusoma ujumbe wa mbolea ya ruzuku kwenye simu za wajomba, kumwandikia mama mdogo barua ya kuomba kiwanja, na kumpeleka bibi hospitali. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu niliiharibu.

Bibi yangu ana presha na sukari. Kadi yake ya bima ni ya NHIF kupitia kwa baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Bibi ni tegemezi wake. Siku ile daktari alimpima, akakuta 170 kwa 100, akamwandikia dawa tatu: mbili za presha, moja ya sukari. Tulipofika dirisha la dawa tukaambiwa zote tatu zimeisha. Tukapewa fomu ya 2C, ile ambayo wenye bima tunaijua. Dawa ikikosekana hospitali, unakwenda na fomu hiyo kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko, unachukua dawa bila kutoa hela.

Famasi ya namna hiyo tuliyoijua sisi ilikuwa Kasulu mjini. Nikamrudisha bibi nyumbani, na kesho yake alfajiri nikapanda mchomoko peke yangu. Barabara ya kutoka Manyovu kwenda Kasulu wakati ule ilikuwa inajengwa kwa lami, kwa hiyo nilifika mjini nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Dada wa famasi alinipokea vizuri. Akaniita mdogo wangu, akaichukua fomu, akazunguka kwenye rafu zake, akaniwekea mezani dawa mbili. Ya tatu, moja kati ya zile za presha, hakuwa nayo.

"Inaingia Ijumaa," akasema. "Wewe saini hapa kabisa, Ijumaa unakuja kuchukua tu, hata usipange foleni."

Nikasaini. Karatasi ilikuwa na dawa tatu, na chini yake sehemu moja ya saini. Sikusoma kilichoandikwa pale juu ya saini. Kusema ukweli nilichosikia mimi ni neno moja tu: foleni.

Ijumaa nikarudi, dawa haijaingia. Jumatatu nikapiga simu, mzigo bado uko njiani. Mimi huku najiambia siku mbili tatu si kitu, bibi ana vidonge vya zamani vilivyobaki. Nilichokuwa sijui ni kwamba bibi naye alikuwa amefanya hesabu zake. Kila kidonge alikuwa anakikata nusu kwa kisu cha kumenyea ndizi, nusu nyingine anaifunga kwenye pindo la kanga. Ni mtu aliyelea watoto saba kwa kubana. Chumvi ilibanwa, sabuni ilibanwa, mafuta ya taa yalibanwa, sasa kwa nini kidonge kisibanwe? Nilipomuuliza, alinijibu kwa Kiha, kwa upole kabisa, kwamba hakutaka kunisumbua na safari nyingine.

Jumanne asubuhi alishika ukuta wa jikoni, akakaa chini. Sitasema alianguka. Alikaa, lakini alikaa kama mtu aliyesukumwa. Tukampeleka zahanati kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Kipimo kikasoma 190 kwa 110. Nesi akaniangalia mimi, si yeye, akauliza: "Huyu mama anameza dawa zake?"

Kwa wale ambao nyumbani hawana mgonjwa wa presha, niseme kidogo. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa amepanda vibaya sana na bado anapepeta maharage na kukuuliza kama umekula. Ndiyo maana dawa yake humezwa kila siku, ujisikie vizuri usijisikie vizuri, na ndiyo maana kukosa wiki moja kunaweza kuishia kwenye kiharusi. Hayo niliyajua. Niliyafundishwa kwenye baiolojia kidato cha nne, na nilipata B.

Mchana ule ule nikaenda Kasulu. Safari hii sikuishia kwenye famasi ya kwanza. Nilipitia nyingine upande wa pili wa stendi, nayo imesajiliwa na Mfuko, nikauliza dawa kwa jina. Ipo! Kaka wa pale alinionyesha boksi zima. Akasema, "Lete fomu."

Nikamweleza kwamba fomu iko kule kwa wenzake. Akarudisha boksi kwenye rafu.

Nikavuka barabara. Nikamwomba dada anirudishie fomu, nimwachie dawa mbili alizonipa ziandikwe kwake na ya tatu nikaichukue kwa jirani. Akanijibu bila hasira: "Mdogo wangu, hii umeshaisaini kwamba umepokea zote. Nikiifuta nakuwa nimeichafua. Fomu ikichafuka silipwi hata hizo mbili nilizokupa."

Nikampigia simu yule kaka wa pili, nikamwomba azungumze naye. Hapo ndipo nilipojua nimeingia ugomvi nisioujua ulianza lini. Simu ikiwa kwenye spika, juu ya kaunta, wakaanza. Huyu anasema nyie mna tabia ya kunyang'anya wateja wetu. Yule anasema nyie mnakusanya fomu za watu wakati dawa hamna. Huyu anasema mwezi uliopita ulimrudisha mgonjwa kwangu ukamwambia dawa zangu zinakaribia kuisha muda. Yule anasema si uongo. Watu kwenye foleni wanacheka. Simu ni yangu, salio ni langu, na mimi nimesimama katikati kama mtoto ambaye wazazi wake wanagombania ada.

Dakika zote zile hakuna aliyelitaja jina la bibi. Hata mimi sikulitaja.

Nilirudi kwa yule kaka nikiwa nimechoka. Akaniambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka sijui nicheke au nilie: "Shida yako umesema ukweli. Ungekuja hapa huna karatasi yoyote, ukataja dawa, ukalipa, ungeshaondoka. Sasa umeniambia fomu iko kule, na yule dada ameshanisikia. Kesho akisema nimetoa dawa kwa mgonjwa wake, mimi nitajitetea vipi?"

Yaani mwenye cheti halali cha daktari alikwama, na asiye na cheti angepita. Dawa ya presha ni dawa ya cheti; sheria ya famasi ya mwaka 2011 na Baraza la Famasi vipo kwa ajili ya mambo kama hayo, na kila famasi inatakiwa kuwa chini ya mfamasia. Lakini wewe na mimi tunajua namna dawa zinavyonunuliwa mtaani kwetu. Unataja, unalipa, unaondoka.

Mwishowe aliniuzia taslimu vidonge kumi, kwa hela niliyokuwa nayo. Hela hiyo ilikuwa ndiyo nauli. Nikapanda gari mpaka pale nauli iliyobaki iliponifikisha, kipande cha mwisho nikatembea. Mnaoijua milima ya kwetu mnajua hicho kipande. Nilifika usiku, bibi yuko macho, akameza kidonge kizima mbele yangu. Akauliza kama nimekula.

Kwa wiki nzima niliwachukia watu wa famasi zote mbili. Baba aliporudi kutoka kituo chake cha kazi nilimsimulia nikitegemea naye awachukie. Baba aliuliza swali moja tu: "Nani alisaini?"

Ijumaa iliyofuata dawa iliingia kweli. Nikaenda kuichukua, na kwa kuwa siku hiyo foleni haikuwepo, nikamuuliza yule dada anieleze. Alinieleza kwa utulivu ambao sikuutegemea. Fomu ile kwake si karatasi, ni hela. Yeye ananunua dawa kwa fedha zake, anampa mgonjwa bure, halafu anakusanya fomu na kupeleka madai kwenye Mfuko, ndipo alipwe baadaye. Dai likiwa na dosari linakatwa. Kwa hiyo kila famasi inataka fomu nzima, safi, isiyogawanywa na mtu mwingine. Mgonjwa akienda na fomu ile kwa jirani, ameondoka na malipo ya dawa ambazo tayari ameshakabidhiwa.

"Na wewe ulikosea," akaongeza. "Ungekataa kusaini dawa ambayo hujaishika. Ningeandika mbili nimetoa, moja sina, ungerudi hospitali wakuandikie hiyo moja peke yake. Lakini uliona unachelewa. Na mimi nilikuacha, kwa sababu nilitaka urudi hapa hapa."

Nilimheshimu kwa hiyo sentensi ya mwisho. Wote wawili tulikuwa tumefanya jambo dogo kwa faida ndogo. Yeye alitaka mteja asihame, mimi nilitaka kukwepa foleni. Gharama ikamwangukia mtu ambaye hakuwepo pale, aliyekuwa nyumbani anakata vidonge.

Sisi wa ualimu tunalijua tatizo la kuhama kwa jina jingine. Mtoto akihama shule, kuna fomu ya uhamisho, mwalimu mkuu wa huku anajaza, wa kule anapokea, na taarifa za mtoto zinakwenda naye. Mwalimu mkuu anaweza kuumia kumpoteza mtoto anayeongoza darasa, lakini hawezi kusema mtoto huyu ni wangu, nimeshamwandika. Nasema hivyo nikijua kuna shule zinazoshikilia matokeo ya mtoto kwa sababu ya deni. Zipo, na tunapolisikia jambo hilo tunakasirika, kwa sababu moyoni tunajua rejista ni ya shule lakini mtoto si wa shule. Mbona kwenye dawa hatukasiriki? Fomu ni ya famasi na ya Mfuko, sawa. Lakini maneno ya daktari yaliyoandikwa juu yake ni ya mgonjwa.

Na si sisi peke yetu. Uingereza vyeti vya dawa vinatumwa kwa kompyuta, mgonjwa anachagua famasi atakayochukulia na ana haki ya kubadilisha. Hata huko yamekuwepo malalamiko ya famasi kujisajilia wagonjwa bila ridhaa yao. Kwa hiyo kompyuta peke yake haimalizi tamaa ya mteja. Lakini Estonia, nchi yenye watu wasiofika hata milioni mbili, tangu 2010 cheti cha dawa kinakaa kwenye mfumo wa taifa. Mgonjwa anaingia famasi yoyote na kitambulisho chake, dawa zake zinaonekana pale. Famasi haiwezi kushikilia karatasi kwa sababu karatasi haipo. Wanabaki kushindana kwa kuwa na dawa.

Naandika haya kwenye jarida letu kwa sababu bima si habari za bibi zangu tu. Ile 50,400 tuliyolipa mwaka wa kwanza ilitupa kadi, na kadi inatupeleka kwenye fomu zile zile na madirisha yale yale. Nimewaona wenzangu wakisaini fomu wakiwa wanachati, dawa bado haijatoka nyuma ya kioo. Nimemwona mmoja, rafiki yangu wa karibu, akiambiwa arudi kesho kwa ajili ya nusu ya antibayotiki zake, tayari ameshasaini, na hakurudi. Alisema amepona.

Sina dawa ya tatizo la mfumo. Hilo ni la Mfuko, Wizara na Baraza la Famasi, na serikali yetu ya wanafunzi ingefanya vyema kuliuliza kwa maandishi pale wanapokuja kutuandikisha bima: dawa ikipatikana nusu, nusu iliyobaki mgonjwa anaipataje, na kwa siku ngapi? Mimi ninachokijua ni kile nilichokishika mkononi siku ile, yaani kalamu. Kabla ya kusaini, zihesabu dawa zilizo mezani, hesabu zilizoandikwa kwenye fomu. Zikilingana, saini. Zisipolingana, mwombe aandike ipi hakutoa, piga picha fomu kwa simu yako, na ukubali kupanga foleni.

Bibi yupo. Sasa kila nikienda likizo tunakwenda Kasulu pamoja, maana anasema haniamini tena peke yangu. Anakaa kwenye benchi la famasi, ananiita nimletee vile viboksi, anavipanga kwenye kanga yake mmoja mmoja na kuvihesabu kwa Kiha. Hajui kusoma. Akimaliza kuhesabu ananitikisia kichwa, ndipo nasaini.