Mgeni ndani ya laptopu

Najua nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Si bumu lililochelewa wala si mapenzi, ni msimu wa disertesheni tu, na wa mwaka wa tatu wenzangu mnanielewa. Leo nina mchapo wa kompyuta, lakini msikimbie jamani, hata watu wa sosholojia utawafaa.

Chumbani tuko watatu na laptopu nzima ni moja, yangu. Inatumia Ubuntu. Sasa rumeti wangu anachambua dodoso zake kwa SPSS, na aliyopewa idarani ni ya Windows. Basi nikamwekea mashine pepe kwa kutumia VirtualBox: Windows inayokaa ndani ya Ubuntu kama dirisha moja tu, yenyewe ikiamini ina kompyuta yake kamili. Hiyo ya ndani wanaiita mgeni, na hii ya nje ndiyo mwenyeji. Kiswahili kitupu!

Siku ya kwanza tu akaniambia, "Kaka, niunganishie folda zako zote, mafaili yasisumbue kuhama. Si kila kirusi kitaishia humo humo ndani?"

Hapo ndipo tulipobishana mpaka saa sita usiku. Kweli, mashine pepe ina ukuta. Kirusi kikiivuruga Windows ya ndani, kwa kawaida Ubuntu ya nje haijui hata kimetokea nini. Lakini folda ya pamoja ni mlango uliotoboa ukuta huo mwenyewe. Ukimruhusu mgeni kuandika humo, na kirusi chake nacho kinaandika humo. Zile programu zinazofunga mafaili na kudai fidia haziulizi kama folda ni ya mgeni au ya mwenyeji, zinafunga tu.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. VirtualBox inakuwezesha kuhifadhi hali ya mashine ilivyo leo, ili kesho ikiharibika urudi nyuma. Raha sana! Ila folda ya pamoja iko kwenye diski ya mwenyeji, nje ya mashine. Ukirudisha mashine nyuma, Windows inapona, folda inabaki na majeraha yake.

Na ukuta wenyewe si wa chuma. Mwaka 2008 watu wa Core Security walitangaza tundu kwenye folda za pamoja za VMware kwa kompyuta za Windows: programu iliyo ndani ya mgeni iliweza kutoka nje ya folda iliyoruhusiwa na kufikia mafaili mengine ya mwenyeji. Mwaka 2015 likaja VENOM, kosa kwenye QEMU, sehemu inayoigiza kisomeo cha diski za flopi. Flopi, wadau! Kitu ambacho nusu yetu hatujawahi hata kukishika. Matundu hayo yalizibwa, ndiyo maana nasisitiza kusasisha programu hata kama bando linauma.

Basi tukakubaliana hivi. Folda mbili tu. Ya kwanza, "ingia", ina nakala za data zake, na mgeni anaruhusiwa kusoma tu. Ya pili, "toka", anaandika matokeo, na kila jioni nayahamishia kwingine. Disertesheni yenyewe haikanyagi humo. Flashi za watu zinaunganishwa moja kwa moja kwa mgeni, Ubuntu haizifungui. Mtandao tukauacha kwenye NAT, maana ukiweka ule wa daraja, mgeni anaonekana kwenye mtandao wa hosteli kama kompyuta nyingine yoyote. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa hivyo hivyo, kompyuta moja ya Windows ikiigonga nyingine. Akishamaliza kunakili vitu vyake, hata mtandao tunauzima.

Jamaa alininunia siku mbili. Akasema namfanyia kama mwizi.

Alhamisi iliyopita akarudi na flashi kutoka steshenari moja ya jirani. Kuichomeka tu, folda zote zikageuka njia za mkato, mnakijua kile kirusi. Ndani ya "toka" nako kikaacha uchafu wake. Nikauzima mtandao, nikafuta uchafu, nikairudisha mashine kwenye hali ya Jumatano. Dakika kumi hazikuisha. Dodoso 180 alizokusanya kwa miguu kule kwao zilikuwa salama kwenye "ingia", hazijaguswa hata moja.

Hakusema kitu. Alinunua chipsi mayai mbili akaniletea.

Mgeni anakaribishwa sebuleni, anapewa chai, lakini funguo za chumba cha kulala unabaki nazo mwenyewe. Haya, kazi kwenu. Mwenye kukwama na mashine yake agonge hodi, ila aje na flashi yake safi!