Addis Ababa: Mahali Mama Anapofundishwa Tena Kunywa Maji

Mgeni atokaye Dar es Salaam hufika Addis Ababa akihema. Mji huo umekaa juu ya milima, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la pwani hujikuta akitafuta sweta saa za jioni huku wenyeji wakipita wametulia ndani ya shuka zao nyeupe za pamba. Mikaratusi, iliyopandwa kwa wingi tangu enzi za Mfalme Menelik, imetanda vilimani na kuutia mji harufu yake. Wageni wengi huonyeshwa makanisa na makumbusho. Makala haya yanahusu boma moja tulivu kando ya mto, lenye bustani na miti mikubwa, ambamo wanawake hutembea polepole wakiwa wamejitanda mablanketi ya sufi ya rangi mbalimbali. Hiyo ndiyo Hospitali ya Fistula.

Ndugu msomaji, jambo hili ni zito kulisema mezani mbele ya watoto, na pengine ukimya huo ndio uliowaumiza akina mama zaidi. Uchungu wa uzazi ukichukua siku mbili au tatu na mtoto asiweze kupita, kichwa chake hukandamiza nyama laini za njia ya uzazi na kibofu kwenye mifupa ya nyonga. Damu haifiki tena katika nyama zile, nazo hufa. Mtoto aghalabu huzaliwa maiti. Baada ya siku chache nyama zilizokufa hunyofoka, pakabaki tundu, na mkojo ukaanza kuvuja usiku na mchana. Wengine huvuja haja kubwa pia. Mishipa ya fahamu ikijeruhiwa, mguu hulegea na mama akawa anauburuta. Jirani husema kalaaniwa, hali kilichokosekana ni mkunga, barabara na chumba cha upasuaji.

Madaktari wawili, mtu na mkewe, Reginald na Catherine Hamlin, walifika Ethiopia kutoka Australia mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu, kusomesha wakunga katika hospitali iliyopewa jina la Binti Mfalme Tsehai. Binti huyo wa Haile Selassie, ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi, alifariki mwaka 1942 kwa matatizo ya uzazi. Kumbe hata jumba la kifalme halikuwa kinga. Wagonjwa wa fistula walipoanza kumiminika, wagonjwa wengine walilalamikia harufu, na ikabidi wajengewe bweni lao katika uwanja wa hospitali. Mwaka 1974, mwaka ule ule Mfalme alipopinduliwa, Hamlin na mkewe walifungua hospitali yao. Mapinduzi yakapita, vita vikapita, wao wakabaki. Bwana alifariki mwaka 1993. Bibi alifariki mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 96. Wanawake zaidi ya 60,000 wametibiwa katika hospitali hiyo na matawi yake ya mikoani, bila malipo.

Upasuaji wenyewe si kitendawili. Mama huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, tundu likashonwa, kisha akawekewa mpira wa mkojo kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne. Kazi ngumu ni ile isiyohitaji kisu. Wengi wa akina mama hawa wamekaa miaka wakijinyima maji, wakidhani kwamba asiyekunywa hatavuja. Kumbe mkojo mchache huwa mkali, ukachoma ngozi na kuzaa mawe kibofuni. Kwa hiyo wauguzi hupita kitanda hadi kitanda wakihimiza maji, kikombe baada ya kikombe, na mgonjwa hukitazama kikombe kwa woga. Wale wenye miguu iliyolegea hufanyishwa mazoezi ya viungo. Wengine hawana la kufanya ila kuzoea upya kukaa karibu na mtu asiyevuta nguo yake pembeni.

Wasaidizi wengi wa wauguzi hapo waliwahi kuwa wagonjwa. Aliye maarufu kuliko wote ni Mamitu Gashe, aliyeletwa kwa akina Hamlin mwaka 1962 akiwa msichana wa miaka kama 16, hajui kusoma. Alianza kwa kutandika vitanda. Baadaye alishika vifaa pembeni mwa Daktari Reginald, kisha akashika kisu mwenyewe, akawa fundi wa kushona fistula na mwalimu wa madaktari wenye shahada. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha London kilimtunuku nishani ya dhahabu pamoja na akina Hamlin. Sisi tuliofundishwa kuthamini vyeti tuna la kufikiri hapo.

Wapo ambao jeraha lao halishoneki kabisa. Kwa ajili yao kilianzishwa kijiji cha Desta Mender, yaani Kijiji cha Furaha, kilometa zipatazo 17 kutoka mjini, wapate kujifunza kazi na kujitegemea.

Nasi tunao wagonjwa hawa. Hospitali ya CCBRT, Msasani, imewatibu wengi bila malipo, na tangu mwaka 2009 nauli ya mgonjwa ilianza kutumwa kwa simu kwa mtu aliyemwona huko kijijini, kwa sababu wengi walishindwa na nauli ya basi tu.

Siku ya kuruhusiwa, mama wa Addis Ababa hupewa gauni jipya na kuonywa kwamba mimba ijayo asijifungulie nyumbani. Aje hospitali mapema apasuliwe. Mmoja niliyemkuta langoni, gauni lake bado lina mikunjo ya dukani, aliulizwa na muuguzi kama anarudi kwa mumewe. Akatikisa kichwa. Alikuwa anakwenda kwa mama yake, na chini ya mkono alikuwa amebana chupa ya maji, nusu yake ameshainywa.