Chuma Kinachoshika Mkanda

Nimekuwa fundi wa bodi tangu nilipotoka shule, kwanza Mombasa, baadaye Uingereza, na sijaona kazi inayodharauliwa kama kufunga mikanda ya usalama. Mwenye gari huihesabu kazi ya nusu saa: boliti tatu, basi. Mafundi wengi nao huihesabu hivyo hivyo.

Mimi niliingizwa katika kazi hii mwanzoni mwa 2004, pale kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Kenya. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni, na Nissan iliyozoea kubeba abiria 18 ikaambiwa 14 wanatosha. Gereji yetu ya Shimanzi ikawa haifungwi usiku wala mchana. Magari yalipanga foleni hadi barabarani, kwa sababu siku moja bila kazi ni hasara, na makanga walituletea chai ili tusisinzie. Mikanda ilikuja kwa magunia, mingi ikiwa ya kiunoni tu. Tulichokosa ni wakati wa kukagua pale mkanda unapokwenda kufungwa. Viti vilikuwa vimeundwa mtaani kwa mirija myembamba, na sakafu zenyewe zilishaliwa na kutu ya pwani.

Fundi mkuu wangu alikuwa mzee wa Kibokoni, mtu wa maneno machache. Aliingia chini ya kila gari na tochi kabla hajaruhusu mtu kushika drili. Mwenye matatu mmoja akachoka kungoja.

"Mzee, we weka tu. Trafiki anaangalia mkanda upo au haupo. Haingii chini ya gari."

"Basi mkate huyo trafiki kipande akavae," mzee akamjibu. "Mimi namfungia abiria."

Yule bwana aliondoa gari lake akalipeleka kwingine, na kabla ya adhuhuri likawa barabarani na mikanda yake yote mipya. Sikupata kujua ilishikwa na nini.

Mke wangu ni muuguzi. Alipopata kazi Uingereza, nami nikamfuata. Nilihangaika kidogo na vibarua vya hapa na pale, kisha nikaajiriwa katika karakana moja ya Kent, ndani ya ghala la zamani la shamba, ambako kazi ni moja: kufufua magari ya mizigo ya Kifaransa. Yanayoletwa kwa wingi ni Citroën HY. Hata kama hujui jina, huenda umewahi kuiona picha yake: gari lenye pua fupi kama ya nguruwe, ubavu wote mikunjo mikunjo kama mabati ya paa. Lilionyeshwa Paris mwaka 1947, likaendelea kuundwa hadi 1981, na jumla yalitoka 473,289. Enzi zake lilibeba nyama, mikate, barua na mahabusu. Siku hizi wateja wetu karibu wote wanataka kuuzia kahawa.

Fundi anayelikuta mara ya kwanza hulipenda upesi. Halina chasisi ya kujitegemea, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na sakafu ya mizigo iko chini kiasi kwamba mtu mzima anasimama wima ndani. Ile mikunjo si pambo. Bati jembamba likikunjwa hivyo hupata ugumu bila kuongeza uzito, ujanja uliotumiwa zamani na ndege za Junkers za Ujerumani. Ila ugumu huo ni wa upande mmoja. Livute bati hilo kwa kufuata mikunjo, halitikisiki. Lisukume kwa upande wa pili, linafunguka kwa mkono. Toboa tundu, pitisha boliti, weka washa: washa inakalia migongo miwili tu ya mikunjo, katikati ni hewa. Nimeletewa HY iliyofungwa mikanda namna hiyo na mtu aliyeonekana kujali sana rangi. Nikaushika mkanda nikauvuta kwa uzito wangu, na bati likaanza kunifuata.

Kazi ninayotaka kuisimulia ni ya gari la 1972. Mteja alikuwa mama mwenye mtoto ambaye hajafika miaka mitatu, na mipango yake ilikuwa kuzunguka nalo kwenye masoko ya Jumamosi. Sheria ya Uingereza inaliruhusu gari la zamani lisiloundwa na mikanda litembee bila mikanda, lakini hairuhusu mtoto wa chini ya miaka mitatu apandishwe humo. Kwa hiyo alikuwa na mawili: afunge mikanda, au mtoto abaki nyumbani. Ufaransa kwenyewe sheria ya kufunga mikanda viti vya mbele, nje ya miji, ilianza Julai 1973. Hili la kwetu halikuwa na hata tundu la boliti.

Mkanda wa pointi tatu, ule wa Nils Bohlin wa Volvo wa 1959, unataka sehemu tatu za kushikwa, na kila moja katika HY ina ugomvi wake. Ya nje, chini, ndiyo rahisi: nguzo ya mlango inapokutana na boksi la kizingiti pana chuma cha kutosha, ukishaondoa kilichooza na kuweka kipya. Ya katikati ni tabu, kwa sababu injini inaingia hadi ndani ya chumba cha dereva, na kifuniko chake kinakaa baina ya viti viwili. Kifungo cha mkanda kikisogea sana kwenye kifuniko, mkono haupiti; kikirudi nyuma sana, ule ukanda wa chini unapanda tumboni badala ya kulala juu ya mifupa ya nyonga. Tumbo halina cha kuzuia. Nilimkalisha mteja mwenyewe kwenye kiti kisicho na kitambaa, na chaki mkononi, tukaandika sakafuni mpaka pembe iliponiridhisha.

Ya juu ndiyo niliyolala nikiiwaza. Milango ya mbele ya HY hufunguka kinyume: bawaba ziko nyuma, kwenye nguzo ile ile ambayo mkanda wa bega unaitaka. Mlango ukifunguka gari likiwa mwendoni, upepo hauurudishi, unaukamata na kuutupa wazi. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu ya kutaka mkanda. Lakini ina maana pia kwamba nguzo hiyo inabeba mlango, na tangu 1972 imekuwa ikivutwa na kila mtu aliyeingia na kutoka. Ndani ni boksi la bati lililokunjwa. Kutoboa na kufunga nati kwa nje ni kujidanganya.

Nilikata dirisha dogo upande wa ndani wa nguzo, juu kidogo ya usawa wa bega. Ukiweka chini ya bega, mkanda utaukandamiza uti wa mgongo siku ya ajali. Nikakata bamba la chuma la milimita 3, nikalizungusha pembe zake kwa grainda ili lisije likalichana bati kama kisu, nikalichomelea nati nyuma yake. Kisha nikaliingiza ndani ya boksi, nikalichomelea ukingo wote kidogo kidogo, upande huu na upande ule, joto lisije likazipinda bawaba. Baada ya hapo nikarudisha kile kipande cha dirisha. Uzi wa nati ni ule ule wa mikanda karibu yote ya dunia: inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi. Fundi asije akaweka boliti ya dukani yenye milimita zinazokaribiana. Itaingia, itakaza, na haitashika.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 14 inataka vishikizo vya gari dogo vivutwe kwa nguvu ya newtoni 13,500 kwenye ukanda wa kifua, na nyingine kama hiyo kwenye wa kiunoni, vyote kwa wakati mmoja. Kila moja ni kama kuning'iniza uzito wa karibu kilo 1,380, yaani karibu HY nzima ikiwa tupu. Karakana yetu haina mashine ya kupimia hayo. Tulimwita mhandisi akakagua mabamba kabla ya rangi, wakati kila mchomo bado unaonekana, na moja la katikati akaniambia nilifunge pia kwenye boriti ya chini. Nilifanya hivyo bila kubishana.

Rili, kile kidude kinachoukunja mkanda, nayo ina adabu yake. Ndani yake mna gololi ndogo iliyokaa kwenye kikombe. Gari likisimama ghafla, gololi hupanda ukingoni na rili hujifunga. Ukiifunga rili upande, gololi hudhani gari linapata ajali daima, na mkanda hautoki. Mahali penye nafasi nyuma ya kiti palikuwa na mwinamo, basi nikaichongea kabari ya chuma ikakaa wima.

Mteja nilimwambia ukweli. Mkanda haulifanyi gari la muundo wa 1947 kuwa la leo. Miguu ya dereva iko nyuma tu ya pua ya bati, na mfuko wa hewa hakuna. Na ile mashine ya kahawa nyuma ya kisogo chake, zaidi ya kilo 50, nayo inataka mabamba na boliti, la sivyo mkanda utamshika yeye na mashine itamfuata. Alitazama ankara akauliza kwa nini mikanda ni pesa kidogo na kazi ya chuma ni nyingi vile. Nikainua mpira wa sakafuni nikamwonyesha.

Tangu siku hiyo kila HY inayoingia kwetu naichomelea mabamba wakati bodi bado iko wazi, mwenyewe akitaka mikanda au asitake, na nati naziziba kwa vizibo vya mpira. Wapo wanaonuna. Mmoja, mpenda uasili wa kupindukia, alisema gari lake halikuzaliwa na mikanda na halitakufa nayo. Akaondoka na vizibo vyake. Baada ya miezi kadhaa alipiga simu, sauti ya chini, kuuliza zile nati ni za saizi gani.

"Inchi saba kwa kumi na sita," nikamwambia. "Nyuzi ishirini."