Uzee wa Kutangaziwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kompyuta nyingi zilizeeka kwa siku moja. Jana yake zilikuwa nzima, na kesho yake ziliwaka vilevile, mafaili yakafunguka. Kilichotokea ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haipokei kila mashine. Inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, karibu zote ziwe za kizazi cha nane kwenda juu. Sasa pita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo uulize kizazi. Hutakosa kuambiwa cha sita, au cha saba. Cha kuchekesha, mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alisema mkutanoni kwamba Windows 10 ndilo toleo la mwisho. Kila mtu alimwelewa alivyopenda.

Kupiga Windows mpya kuna adha zake. Bando linayeyuka, umeme unakatika kazi ikikaribia kwisha, halafu kitufe ulichokizoea pembeni kushoto unakikuta katikati. (Hicho unaweza kukirudisha kwenye mipangilio, na hata usipokirudisha, mkono huzoea upesi kuliko kinywa kinavyolalamika.) Lakini sidhani kama hayo ndiyo yanayotukasirisha. Kinachouma ni kuambiwa na mtu asiyekuona kwamba kitu chako kimechoka, ilhali wewe unaketi nacho kila siku na hujakiona kikichechemea.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa hisabati wa serikali. Kwa utumishi wa umma wa Tanzania, kustaafu kwa lazima ni miaka 60, naye alipoifikisha aliagwa kwa keki, shuka la kimasai na hotuba ndefu. Wiki iliyofuata watoto wa kidato cha nne walikuwa kibarazani kwake na madaftari, wakimsubiri amalize chai. Aljebra haikuwa na habari kwamba amestaafu. Hata hivyo hakuwahi kuilaumu sheria ile. Alikuwa akisema kuna vijana waliosomea ualimu wanaokaa nyumbani, na nafasi yake lazima mtu aiachie.

Nalikumbuka hilo kila ninapotaka kuwatukana wenye programu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetoka tangu Machi, kwa matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa, ila wengi hawakukiweka. Kwa hiyo tangazo la uzee si uzushi mtupu: mashine inaendelea kufanya kazi, lakini mlinzi ameondoka getini, na mwizi anajua tarehe aliyoondoka. Microsoft yenyewe iliwaongezea watumiaji binafsi wanaojisajili mwaka mmoja wa ulinzi, hadi Oktoba 2026, kama mkataba apewao mstaafu ambaye ofisi bado inamhitaji.

Ninachokataa ni kuchanganya mambo mawili. Kuacha kulindwa ni jambo moja, kuisha ni jingine, na tangazo huyatamka kwa pumzi moja ili ukimbilie dukani. Mimi niliyatenganisha. Mashine yangu, ya kizazi cha sita, sasa inaendeshwa na Linux Mint, ambayo ni ya bure, inapata viraka vyake na haiulizi umri. Sitasema ni raha tupu. Barua zenye majedwali zinafika kwa watu zimepindapinda, na wiki ya kwanza nilimsumbua sana mpwa wangu kwa simu.

Printa ndiyo imegoma kabisa. Basi nabeba flashi hadi steshenari ya mtaani, ambako kijana ananichapishia kwa Windows 7, iliyoachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020. Inafanya kazi vizuri. Flashi ikirudi naikagua kwanza.