Vazi Lisilotajwa Barazani

Katika miaka yote niliyosimama mbele ya ubao, sikuwahi kulitamka neno sidiria mbele ya watu. Si kwamba ni neno chafu, la hasha. Mwanamume wa rika langu hapa Gwarama alilelewa akijua kuwa nguo za ndani za wanawake ni habari za wanawake. Lakini maradhi hayajui miiko. Mama watoto alipokatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, neno lile liliingia nyumbani mwetu, likakaa kitako, likadai kuzungumzwa.

Kwa wanawake wa Tanzania, saratani ya titi ni ya pili kwa wingi baada ya ile ya mlango wa kizazi. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tukifikiria tiba yake hufikiria kisu, dawa, mionzi, na safari ndefu ya Mwanza au ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hayo ni makubwa. Dogo linalofuata ni hili: kidonda kikipona, mgonjwa atavaa nini? Hospitali iliyomtibu mke wangu ilimweleza vizuri habari za vidonge na tarehe za kurudi. Kuhusu vazi haikusema neno.

Ndugu msomaji asidhani kuwa hili ni jambo la urembo tu. Titi lina uzito. Likiondoka moja, mwili huelemea upande wa pili, kama wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Shingo hukaza, mgongo huuma. Mke wangu alikuwa mtu wa jembe na wa kwaya. Jembe alilirudia polepole, kwaya hakuirudia. Alijifunika khanga mbili hata jua likiwaka, na kanisani akachagua benchi la nyuma, karibu na ukuta. Hakuna aliyemfukuza, alijificha mwenyewe. Daktari alikuwa ameokoa uhai. Ilibaki kazi ya kurudisha maisha.

Muuguzi mmoja mstaafu ndiye aliyetufundisha. Mwanzoni, alisema, itafutwe sidiria laini ya pamba, isiyo na waya, inayofungwa kwa mbele, maana mkono wa upande uliopasuliwa haufiki mgongoni. Kamba za begani ziwe pana, na mkanda wa chini ushike bila kubana wala kuacha alama. Zikiondolewa tezi za kwapani, mkono huweza kuvimba, na kamba nyembamba inayokata bega huongeza taabu. Titi bandia lenye uzito lisubiri mpaka kidonda kipone kabisa na daktari aridhie, kwa kawaida baada ya majuma sita au zaidi. Kabla ya hapo ni kipande chepesi cha pamba tu.

Kujua ni rahisi kuliko kupata. Gulioni sidiria nyingi ni za mitumba, ingawa Shirika la Viwango, TBS, limekwisha kukataza kuingizwa kwa nguo za ndani zilizotumika. Za dukani nyingi zina waya, na muuzaji hukadiria kipimo kwa macho. Basi nikachukua futi kamba na daftari, tukapima nyumbani: mzunguko wa kifua chini ya titi, kisha mzunguko wa kupita juu ya titi lililobaki. Tukapata moja ya pamba inayomkaa, na mama mmoja fundi cherehani akashona mfuko ndani ya kikombe cha kushoto.

Matiti bandia ya silikoni ni ghali. Huko Marekani, Barbara Demorest, aliyekatwa titi mwaka 2011, alianzisha mpango wa kufuma matiti ya nyuzi na kuyagawa bure, na Kenya nako wapo akina mama wanaofuma. Sisi tulishona kifuko cha kitambaa, tukakitia mchele kidogo kidogo, mke wangu akikipima kiganjani mpaka uzito ukalingana na upande wa pili. Kifuko hutolewa kabla ya kufua, na mchele ukipata unyevu hubadilishwa.

Siku moja nilimwuliza kama watu bado wanamtazama. Akanijibu, "Baba, sivai hiki kwa ajili ya watu. Nakivaa ili mgongo unisahau." Akiwa nyumbani jioni hukivua, na hiyo ni hiari yake. Wapo wanawake wasiotaka kuvaa chochote, nao wasilazimishwe. Kwaya ameirudia, husimama mstari wa pili.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hospitali zetu zingeongeza mistari michache tu kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa: pamba, pasipo waya, kamba pana, pima kwanza. Nasi waume tusione haya kushika futi kamba. Yule fundi amekwisha kuwashonea wanawake wengine watatu wa vijiji vya jirani, na wawili kati yao walifika kwake wakiwa na waume zao.