Kwa Gari la Moshi na Kivuko mpaka Mlango wa Mbita

Homa Bay na Migori hazina reli. Jambo hili nililijua tangu shuleni, lakini sikulitafakari mpaka Desemba 2021, gari la abiria la Nairobi na Kisumu liliporudishwa baada ya kusimama miaka mingi. Niliomba likizo yangu, nikakata tikiti, nikaenda kumwamkia mjomba wangu kisiwani Rusinga. (Gari la moshi twaliita hata leo, ingawa moshi wenyewe umekwisha zamani.)

Tuliondoka jioni. Usiku tukapanda milima ya Mau, ambako njia ya kwanza ilipita zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari. Baridi ilipenya madirishani, na mama mmoja aliyeketi mbele yangu, baada ya kuwafunika watoto wake wawili, alinipa pembe ya blanketi lao bila ya kuombwa. Tulipoteremka upande wa Fort Ternan kukaanza kupambazuka. Ukiwa hapo kaa upande wa kuume, msomaji, upate kuona ukingo wa Nandi umesimama kama ukuta, na chini yake miwa ya Muhoroni, kisha uwanda wa Kano ulionyooka mpaka ziwani.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, ikaishia majini. Toka hapo meli ndizo zilizokuwa reli yetu: meli za shirika la reli zilizunguka ghuba, zikatia gati Kendu Bay na Homa Bay, zikapakia mazao, mizigo na watu. Wazee wa kwetu husema "kupanda meli" kwa fahari ile ile ambayo wengine husemea gari la moshi.

Mimi sikupata meli. Nilipanda matatu mpaka Luanda Kotieno, na kutoka hapo kivuko kikanivusha mpaka Mbita.

Mlango wa Mbita ni mfereji mwembamba wa maji uliowekwa na Mungu mwenyewe kati ya bara na Rusinga. Zamani mitumbwi ilivusha watu, na mjomba alikuwa mmoja wa wapiga makasia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlango ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo, barabara ikapita juu yake. Maji ya ghuba hayakupita tena pale kwenda ziwa kuu. Matope yakatuama, na baadaye magugumaji yakajaa. Wavuvi waliotaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili walilazimika kuzunguka kisiwa chote. Ndipo tuta likakatwa, na daraja likafunguliwa mwaka 2017.

Tulitembea pamoja kando ya daraja, tukitazama mabaki ya tuta. Nilimwuliza kama hakufurahi kuona limevunjwa.

"Mpwa wangu," akasema, "tuta lile lilininyang'anya kasia. Nilikaa mwaka mzima bila kazi. Lakini usiku ule mkaza mjomba wako aliposhikwa na uchungu, upepo ulikuwa mkali, hakuna mtumbwi ambao ungevuka. Tulimpitisha juu ya mawe haya haya. Sasa nilichukieje?"

Mimi niliyezoea kuandika "ndiyo" au "siyo" katika majalada sikuwa na jibu. Nilimwuliza kuhusu samaki. Akasema wavuvi hawaelewani: mmoja husema wamerudi, mwingine husema maji yamerudi peke yake.

Nilikuwa nimekusudia kufika Migori pia, nione kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila ya udongo wa kuyashikiza, na ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2018 katika urithi wa dunia. Lakini likizo ya karani ni fupi, na mjomba hakukubali niondoke kabla ya kula.

Baada ya chakula tulirudi darajani. Mjomba aliokota kipande cha tete, akakitupa majini upande wa ghuba. Kilizunguka kidogo, kikasita penye mawe, kisha kikaingia chini ya daraja. Tulivuka barabara upesi, mzee wa miaka sabini na zaidi akinitangulia, tukainama juu ya ukingo. Tulingoja. Kilipotokea alikionyesha kwa kidole, asiseme neno. Nami nikaangalia saa, nikaona nimebakiwa na dakika chache tu, nikaanza kukimbilia kivuko.