Mtoto Ni Amana

Nataka nikusimulie habari ya watoto wa Uingereza ya zamani, kisha nikiri jambo langu mwenyewe.

Zilipoenea mashine za kusokota nyuzi, wenye viwanda walipenda vidole vidogo na ujira mdogo. Mwaka 1832 mwanamke kijana wa Leeds, Elizabeth Bentley, aliiambia kamati ya Bunge chini ya Michael Sadler kwamba aliingia kiwanda cha kitani akiwa na miaka 6. Kazi zilipozidi, alishika zamu tangu saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku. Aliyelegea alichapwa kwa mkanda.

Usidhani sheria haikuwako. Tangu mwaka 1819 ilikatazwa kumtia mtoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vya pamba. Lakini haikuwekewa wakaguzi, ikawa kama shamba lisilo na mwenyewe, kila apitaye huchuma. Sheria ya mwaka 1833 ndiyo iliyoleta nafuu. Watoto wa miaka 9 hadi 12 wasizidi saa 9 kwa siku, wapate na saa 2 za masomo, na wakaguzi 4 wakawekwa. Ni wachache kwa maelfu ya viwanda, lakini tajiri alijua sasa kwamba yuko atakayebisha hodi.

Hata hivyo, daftari la serikali la vizazi lilianza mwaka 1837 tu. Kabla yake umri ulikisiwa kwa macho, na wazazi wengine, kwa njaa, wakamwongezea mtoto miaka apate kazi.

Niliposoma hayo niliona haya. Mimi sikuwa na njaa, na uwongo huo niliusema.

Zamani chuoni kwangu alikuwako yatima aliyelelewa na bibi yake. Hakuwa na ada, nikamtia kazini: kuteka maji, kupalilia shamba langu, kufua nazi. Wenzake wakisoma, yeye yuko shambani. Bibi yake akaniuliza, "Maalim, huyu si mdogo mno?" Nikamjibu, "La, mama, huyu ni mkubwa, na kazi ni adabu." Alikuwa na miaka 8.

Wenzake walihitimu. Yeye mwaka jana alinijia, mvi zimemjaa, na barua mkononi nimsomee. Nilipomaliza akanibusu mkono. Lau angenilaumu ingekuwa nafuu kwangu.

Sisemi mtoto asitumwe. Kumfunza kushona au kuvua ni malezi. Lakini jiulize mawili: kazi hii inamfaa nani, na inamnyima nini? Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mkaguzi wa serikali hafiki jikoni kwako wala shambani kwangu. Huko mkaguzi ni wewe, na ni mimi.

Wabillahi taufiq.